Kengele Kwenye Gari Lisilonguruma

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Papa Donat Kalenga Mwepu, mkuu wa gereji ya kiwanda chetu cha mikate cha Tuendelee, anavua rasmi ovaroli yake ya bluu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Wapo kati yetu wanaoapa kwamba ovaroli ni ileile aliyopewa mwaka 1991. Mkewe, Mama Germaine, anakanusha, ila anakiri kwamba madoa ni yaleyale.

Kurugenzi imeniomba mimi, Mado Kapinga wa usambazaji, niandike wasifu wake katika jarida la kiwanda, labda kwa sababu hakuna aliyegombana naye mara nyingi kunizidi. Mimi nataka magari yatoke alfajiri yakiwa na mikate ya moto, yeye hataki gari litoke kabla hajaridhika nalo. Kati ya hapo na pale tumefahamiana vizuri. Wahenga walituonya tusimsifu mgema, asije akalitia tembo maji, lakini huyu wetu anastaafu leo na tembo lenyewe limekwisha mtungini. Kwa hiyo nitamsifu bila woga, na pale anapostahili kuchekwa nitamcheka.

Papa Donat alizaliwa Mitwaba, akaletwa Lubumbashi alipofikia umri wa shule. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi ya mzee ilikuwa kutembea mbele ya mabehewa yanaporudishwa kinyumenyume, akipiga kengele ya mkono ili watu watoke njiani. Alipostaafu aliondoka na kengele ile, ikatundikwa juu ya mlango wa nyumba yao ya mtaa wa Katuba. Donat mwenyewe alisomea umakanika katika shule ya ufundi ya mapadre, akazunguka gereji mbili tatu za mjini, kisha Machi 1991 akaingia Tuendelee kama fundi msaidizi. Wakati ule kiwanda kilikuwa na gari moja la mazutu, yaani dizeli, na mikokoteni. Mikokoteni, anapenda kusema, ndiyo iliyokuwa haiharibiki.

Kifaa chake kikuu ni bisibisi ndefu. Huigusisha ncha kwenye injini, huweka mpini sikioni, hufumba macho, na baada ya muda hukuambia ugonjwa. Aliponyesha sindano za mazutu zilizoziba, fani zilizochoka na mikanda iliyolegea kwa njia hiyo. Mama Germaine anasimulia kwamba hata friji ya nyumbani imeshapimwa kwa bisibisi, na kwamba mwaka fulani kwaya ya parokia ilipopata kinanda cha mitumba, mumewe alikigusa, akasikiliza, akatangaza kwamba kina kikohozi. Kilikuwa na panya.

Magari yote ameyapa majina. Abbé, yaani Padre, ni lile lisilokubali mwendo wa kasi hata ulikanyage vipi. Kasenga ni lile linalokwenda safari ndefu hadi kando ya mto Luapula, ambalo siku moja lilirudi na samaki wakavu chini ya makreti, na kwa wiki nzima wateja wetu wakala mikate yenye harufu ya ng'ambo. Dereva aliyehusika bado anafanya kazi hapa, basi simtaji. Na juu ya yote yupo Mama Mkwe. Mama Mkwe huamka kwa kunung'unika, hutaka kubembelezwa, na akishaanza kusema hanyamazi mpaka adhuhuri. Ukimzima kabla ya hapo, hawaki tena. Kwa hiyo kila alfajiri, tangu wengi wetu hatujaajiriwa, Mama Mkwe alikuwa akisimama mbele ya dirisha la kupakia huku injini inanguruma, akingoja makreti yake.

Lakini somo lililompa Papa Donat jina mjini kote lilikuwa moja, na kila dereva aliyepita Tuendelee alilipata kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Barabara ikiinama, toa gia. Weka point mort, acha gari liteleze lenyewe, okoa mazutu. Ukiliona tuta mbele, toa gia. Ukikaribia mzunguko wa barabara, toa gia. "Muteremuko iko ya Mungu," alikuwa akiwaambia, "haiombi mazout." Na katika misimu ya uhaba, magari ya wengine yalipolala kwenye foleni za vituo vya mafuta, ya kwetu yalirudi nyumbani na kilichobaki kwenye tangi. Watu wa Katuba na Ruashi walikula mkate siku ambazo hawakupaswa kuupata. Hilo ni lake, na hakuna atakayemnyang'anya.

Sasa niseme jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na halijawahi kuandikwa katika jarida hili. Moshi wa Mama Mkwe ulikuwa unatuua polepole. Wanawake wanaopakia mikate wanasimama palepale dirishani, na mkuu wao, Julienne, alianza kukohoa miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni tuliambiana ni vumbi la unga. Kisha ikawa anapumzika kati ya kreti moja na nyingine, yeye ambaye zamani alikuwa akibeba mbilimbili. Daktari akamwambia wazi: moshi au kifua, achague. Kwa Julienne, kuacha moshi maana yake ilikuwa kuacha kazi, na kazi hii ndiyo inayolisha nyumba yake.

Papa Donat hakupuuza. Alirefusha bomba la moshi kwa mabati, likafikia karibu usawa wa paa, na upepo ukaurudisha moshi uleule chini. Aliligeuza gari, akaweka feni. Kila Jumatatu alimletea Julienne chupa ya maziwa, kwa ile imani ya mafundi wote wa mji huu kwamba maziwa huosha moshi kifuani. Julienne aliyanywa, akamshukuru, akaendelea kukohoa.

Ndipo mkurugenzi wetu, Madame Léa, alipotukusanya na kutueleza kwamba gari la umeme litaletwa kwa majaribio. Likifaulu, yale yanayopakia dirishani yangebadilishwa moja baada ya jingine. Likishindwa, lingerudi kwa muuzaji, na habari ya umeme isingezungumzwa tena Tuendelee. Julienne alikaa safu ya mbele. Sikuhitaji kumuuliza alikuwa anaomba nini.

Papa Donat aliomba neno, na tuseme kweli, alisema maneno ya mtu mwenye akili. Umeme wa mji huu, alikumbusha, huja na kuondoka bila kubisha hodi, na gari haliwezi kula mshumaa. Fundi wa mazutu yupo kila kona, fundi wa betri yuko wapi? Watu wake wa gereji watakula nini, siku hakuna tena sindano ya kuzibua wala oili ya kubadili? Kisha akagusia lile linalomuuma kila mtoto wa Katanga. Kobalti inachimbwa hapahapa, tunaiona ikipita kwenye malori, na inaturudia ndani ya betri, imevaa suti na tai, haitusalimii tena. Watu walipiga makofi. Hapo ndipo alipopandisha mori, akafunga na kiapo chake mbele ya wote: "Siku ile motokari ya courant itabakia hapa, mi njo nitaenda."

Gari likaja. Lilikuwa jeupe, safi, na kimya kiasi kwamba mlinzi wa lango aliligonga kioo kuuliza kama liko tayari kuondoka, kumbe lilikuwa limeshaanza kusogea. Papa Donat alikataa kulipa jina. Madereva wakaliita Bubu, na jina likashika.

Siku ya mafunzo, fundi wa muuzaji aliwakalisha madereva na mafundi katika chumba cha mikutano. Papa Donat alivumilia kidogo, akainuka, akatoka, akaenda kumwasha Mama Mkwe chini ya dirisha la chumba hicho na kumkanyagia mafuta mpaka mafunzo yakaisha. Madereva walitoka wakiwa wameelewa nusu. Tulicheka sana siku ile, mimi nikiwa mmoja wa waliocheka.

Asubuhi ya kwanza ya Bubu dirishani, hewa ilikuwa hewa. Tulisikia harufu ya mikate yetu wenyewe. Julienne alipakia huku anaimba, si kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemwambia kitu, tuliogopa asije akanyamaza. Nilimtazama Papa Donat akiwa amesimama kwenye mlango wa gereji, mikono nyuma, anasikiliza. Kisha akarudi ndani.

Furaha yetu ilifika Katuba na kuishia hapo. Akina mama wanaouza mikate yetu mtaani hawana saa ya kuwaamsha, saa yao ilikuwa Mama Mkwe. Wakisikia mngurumo wake unapinda kona, wanatoka na mabeseni. Bubu alipinda kona bila kusema neno. Franck, dereva wetu, alisimama pale anaposimama siku zote, akangoja, na mtaa mzima ukaendelea kulala. Kesho yake alipiga honi, akaamsha watoto, wagonjwa na misa ya asubuhi, mpaka padre akamtuma mtu nje. Mikate ikarudi kiwandani, na Papa Donat akaizunguka kreti kwa kreti, uso wake ukimeremeta.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa Alhamisi, siku ya kupeleka mikate kwenye maduka ya upande wa Kinsevere, nje ya mji. Muuzaji alituhakikishia kwamba betri ingemaliza mzunguko wa mjini, ingekwenda huko na kurudi, na akiba ingebaki. Alhamisi ya kwanza Bubu alirudi anatambaa. Iliyofuata alizimika kabla ya kufika mjini. Fundi wa muuzaji alikuja, akaipima betri, akaikuta nzima. Akauliza madereva wanaendeshaje, wakamjibu kwa fahari kwamba wanaendesha vizuri kabisa, kama walivyofundishwa na Papa Donat. Mtu wa watu akaondoka anakuna kichwa.

Alhamisi ya mwisho kabla ya kikao cha uamuzi, Bubu alizimika tena. Kulivuta gari hilo kwa kamba muuzaji alikataza, magurudumu yake hayapendi kuvutwa. Basi Papa Donat alipakia jenereta ya ofisi juu ya Mama Mkwe, akamchukua msaidizi wake Paulin, wakaenda. Kando ya barabara waliiwasha jenereta wakapitisha waya hadi kwa Bubu, na waliopita walimwona Mama Mkwe, mzee vile, ananyonyesha. Malori yalipunguza mwendo ili madereva wacheke vizuri. Mtu mmoja alipiga picha, na kabla jua halijainama picha ilikuwa imetufikia kiwandani, kwenye simu ya kila mtu. Julienne aliitazama, akairudisha simu kwa mwenyewe, akaenda kunawa mikono.

Bubu aliposhiba kidogo, ilibidi mtu akae na Franck njiani, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba gari lingefika. Paulin akashika usukani wa Mama Mkwe nyuma, na Papa Donat, kwa mara ya kwanza, akaingia ndani ya Bubu. Habari zilizobaki ninazo kutoka kwa Franck, na Papa Donat mwenyewe hajazikanusha.

Kila barabara ilipoinama, Franck alitoa gia kama mwanafunzi mwema, na Papa Donat alikuwa amekunja mikono, anaangalia nje. Walikuwa hawajala tangu asubuhi. Franck akavunja mkate, akaanza kula kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kwenye usukani. Mara barabara ikashuka, na mkono wa gia ulikuwa umeshika mkate. Papa Donat aligeuka ili amkaripie, na jicho lake likaangukia kipimo cha umeme. Mshale, ambao siku zote hukaa upande wa kula, ulikuwa umehamia upande wa kijani na kutulia huko mpaka mwisho wa mteremko. Gari lilikuwa linajilisha lenyewe. Franck alipomaliza kutafuna alipeleka mkono kwenye gia, na Papa Donat akamzuia.

"Kula ingine, Franck," alimwambia.

Franck alikula mkate hadi lango la kiwanda, na Bubu akafika bila kunyonya tena. Ijumaa Papa Donat alimpigia simu fundi wa muuzaji, akamuuliza kwa adabu ambayo hatukuizoea. Gari hili, fundi akamweleza, linapoteremka au kupunguza mwendo likiwa kwenye gia, mota yake hugeuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Ukitoa gia, hairudishi kitu. Aliongeza kwamba aliyaeleza haya yote siku ya mafunzo, lakini kulikuwa na kelele sana nje. Jumamosi Papa Donat aliomba ufunguo, akazunguka mji na Bubu peke yake, mara moja kwa somo lake la zamani, mara moja mkono ukiwa juu ya goti. Kisha akaliegesha, akaenda nyumbani bila kumwambia mtu.

Jumatatu tukakaa kikaoni. Jambo lilikuwa limeshaamuliwa mioyoni. Muuzaji alikuwa amejulishwa aje achukue gari lake, na Madame Léa alizungumza kama mtu anayefunga mlango taratibu. Julienne alikuwa ameketi nyuma safari hii. Asubuhi hiyo alikuwa ameniomba nimfundishe mtu mwingine kusimamia upakiaji, na nilikuwa nimemkubalia huku nikitazama pembeni. Papa Donat alikuwa ameshinda. Alichohitaji ni kunyamaza tu, gereji yake ibaki, mazutu yake yabaki, na kiapo chake kisahaulike.

Akainuka. Alikuwa na bisibisi yake mkononi, sijui kwa nini, na aliizungusha alipokuwa akisema.

"Ile motokari haina kosa," alisema. "Kosa njo ya miye. Miye njo nilibafundisha bachauffeur bote kutosha gia mu muteremuko. Ku mazout, ile iko akili. Ku hii motokari, iko sawa kutupa mukate ku dirisha. Alhamisi yote batoto balikuwa banatupa, na miye naseka."

Akaomba mwezi mmoja zaidi, na akaomba mwenyewe awafundishe madereva upya. Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, hatukujua kama inafaa. Nilimwona Julienne ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Na mimi niliyemcheka mtu huyu miaka yote, siku ile nilimpenda.

Mwezi ule alikaa kando ya kila dereva na kitambaa chenye oili mkononi, na kila mkono uliokimbilia gia kwenye mteremko ulichapwa. Madereva wa zamani waliumia zaidi, vidole vilikuwa na mazoea ya miaka. Alhamisi ya kwanza Bubu alikwenda upande wa Kinsevere na kurudi. Ya pili vilevile. Ya tatu Paulin hakusimama tena langoni kungoja.

Ikabaki Katuba. Papa Donat alirudi kwake, palepale Katuba, akasimama juu ya kiti, akaishusha kengele ya marehemu baba yake. Aliifunga mbele ya Bubu, akapitisha kamba ndogo mpaka kwa dereva. Kengele iliyokuwa ikiwaambia watu wa reli watoke njiani, ikaanza kuwaambia akina mama waje. Sauti yake si kubwa, haikatizi misa, lakini aliyezoea kuisubiri huisikia. Ndani ya wiki moja mabeseni yalikuwa mlangoni kabla gari halijasimama, na padre akatutumia salamu.

Gari likabaki. Asubuhi iliyofuata uamuzi huo, sote tulikuwa na swali moja na hakuna aliyethubutu, isipokuwa Julienne. Papa Donat aliingia kazini kama kawaida na ovaroli yake, na Julienne akamuuliza mbele ya dirisha: "Papa Donat, na ile ulisema utaenda?"

"Nilisema nitaenda," alimjibu. "Sikusema siku gani."

Tangu hapo tuna magari matatu ya umeme dirishani, nalo la nne linangojwa. Tunayachaji mchana, tanuri zinapopumzika, na umeme ukikatika tunangoja urudi kama watu wengine. Mtu akimuuliza Papa Donat leo kama magari ya umeme yachukue nafasi ya yale ya esansi, yaani petroli, na ya mazutu, hatoi hotuba. Husema yachukue, moja moja, na asiyekuwa na njia ya kuyalisha asijifanye anayo. Safari ya Kasenga bado ni ya mazutu, kwa sababu katikati ya njia ile hakuna pa kuchaji. Mama Mkwe naye yupo, amehamishiwa mbali na dirisha, chini ya paa lake, kwa ajili ya siku ambazo giza linazidi. Hapigi kelele sana siku hizi. Nadhani hata yeye amechoka.

Na gereji haikufa. Hofu yake ile, ambayo ilikuwa hofu ya kweli, aliichukua na kuifanyia kazi badala ya kuitangaza. Alimsumbua Madame Léa mpaka Paulin na wenzake wakapelekwa kusomea betri na mota za umeme, kwa hoja ambayo haikupata mpinzani: kama kobalti inatoka kwetu, fundi wa betri naye atoke kwetu. Breki, magurudumu na springi zinaendelea kuvunjika kama zamani. "Barabara ya hapa," anasema, "haijui kama motokari inakula mazout ao courant." Paulin ndiye anayemrithi kuanzia Jumatatu. Ameachiwa bisibisi, na tumeshamwona akiigusisha kwenye mota ya umeme na kufumba macho. Anadai anasikia kitu. Hatubishani naye.

Kwa niaba ya usambazaji, upakiaji, tanuri, ofisi na madereva wote wenye makovu ya kitambaa cha oili, tunakushukuru, Papa Donat. Asante kwa mikate iliyofika siku za uhaba. Asante kwa magari yaliyorudi na watu wakiwa salama ndani yake. Asante kwa maziwa ya Jumatatu, ambayo Julienne ananiomba niandike kwamba sasa anayanywa kwa sababu ni matamu tu. Alifika mwenyewe asubuhi hii, akabeba kreti mbili kwa pamoja, akahakikisha nimeona. Zaidi ya yote, asante kwa Jumatatu ile uliyoinuka wakati ungeweza kukaa. Mama Germaine, tunakurudishia mumeo. Friji yako izoee kuguswaguswa.

Ni desturi yetu kwamba mstaafu hurudishwa nyumbani na gari la kiwanda, likiwa limejaa mikate ya kuwagawia majirani, na kwamba huchagua gari mwenyewe. Wengi waliweka dau kwa Mama Mkwe. Jana nilipomuuliza, alinijibu kwamba aliapa kuondoka siku gari la umeme likibaki, na kwamba mtu wa Mitwaba halumbani na kiapo chake. Atapanda Bubu. Nikamuuliza pia kuhusu kengele, kwa kuwa ni urithi wa baba yake na ana haki ya kuishusha leo na kuirudisha juu ya mlango. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama anataka kuondoka na tanuri. Kengele inabaki, alisema, la sivyo akina mama watajuaje kwamba mkate umefika?

Uwe na siku njema nyingi, Papa Donat, wewe na nyumba yako, na shamba lako la Mitwaba likuzalie. Maisha yaliyo mbele yako yawe mepesi kama barabara inayoshuka, na usitoe gia.

Nanyi akina mama wa Katuba, leo alasiri, saa ambayo si ya mikate, mtaisikia kengele inapinda kona. Mabeseni yaacheni ndani. Tokeni tu, mumpokee.